Meza ya Maji ya Kilomita ya 5

Mwaka huu maji hayakuniishia. Nalitanguliza hilo kwa sababu mwaka jana, katika mbio zilezile za nusu marathoni hapa Mbeya, meza niliyoisimamia kandokando ya barabara kuu iendayo Uyole ilikauka huku wakimbiaji zaidi ya 100 wakiwa bado njiani, na aibu ya kumwonyesha mama mtu mzima ndoo tupu sijaisahau hadi leo.

Yote yalianza na ushauri. Ndugu mmoja aliyewahi kujitolea katika mbio za Dar es Salaam alituhakikishia kwamba kikombe kimoja kwa kila mkimbiaji kinatosha, kwamba kijazwe hadi juu ili mtu asijione amepunjwa, na kwamba maji lazima yawekewe barafu. Pengine huko pwani barafu ni neema. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi wa Juni pumzi ya mtu huonekana kama moshi. Wakimbiaji wetu walipiga funda moja, wakashika mashavu kwa maumivu ya meno, kisha wakatupa vikombe vikiwa vingali vimejaa. Kijana mmoja wa kundi letu alisimama imara kama nguzo, mkono ameunyoosha, na kila aliyekipokea kikombe chake kwa kasi alijimwagia kifuani katika baridi ile.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa la hesabu. Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi, kwa hiyo meza ya kilomita ya 5 ndiyo hiyo hiyo meza ya kilomita ya 16. Sisi tuliandaa vikombe 600 kwa watu 600, na waliporudi wakiwa na kiu ya kweli, wa mbele walimaliza kilichosalia.

Safari hii nilikaa na kalamu. Watu ni wale wale 600, na wengi huchukua vikombe viwili, kimoja cha kunywa na kingine cha kujimwagia kichwani jua likishapanda. Wanapita mara mbili. Kila kikombe kinatiwa mililita 150 tu. Jibu lake ni lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Nikaongeza manne, ingawa niliambiwa ninapoteza nguvu bure. Bajaji mbili ziliyabeba kwa mizunguko kadhaa, na gharama yote pamoja na vikombe haikufika mbali, kama elfu themanini hivi.

Lakini vikombe zaidi ya elfu mbili utavijazaje kwa mikono ya watu wanane? Kwa jagi tulikwisha kushindwa, na kuchota kwa kikombe ndani ya ndoo ni uchafu nisioweza kuuruhusu. Jibu nililipata kanisani, katika stoo, nilipokuwa nikitafuta meza: ndoo za koki tulizonawia mikono wakati wa korona mwaka 2020, zimepangwa pale bila kazi. Niliazima 7, nikazisugua kwa sabuni na maji ya moto, nikabadilisha koki mbili zilizokuwa zikivuja. Ziliwekwa juu ya benchi, koki zikielekea mezani, na mtu mmoja akawa anapitisha trei ya vikombe chini yake bila kuinua kitu chochote kizito. Safu ya kwanza ya vikombe ilipojaa, tulilaza juu yake kipande kikavu cha boksi, tukapanga safu ya pili, kisha ya tatu. Meza mbili zikafanya kazi ya meza sita. Nilisimama nikaitazama kwa furaha ambayo siwezi kuificha.

Jioni ya kuamkia mbio tulifanya mazoezi uani kwangu, watoto wa dada yangu wakiwa wakimbiaji. Tuligundua kwamba kikombe kikikaa juu ya kiganja kilicho wazi, nawe ukatembea hatua tatu au nne upande anaokwenda mkimbiaji huku mkono ukirudi nyuma, hamwagi hata tone. Pia sauti ni muhimu: sema “maji” akiwa bado mbali, ili ajue kwamba atapata. Magunia ya taka, yaliyochukua nafasi ya mifuko ya plastiki tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tuliyaweka kama hatua hamsini mbele ya meza, kwa kuwa hakuna anayemaliza kunywa papo hapo. Vaeni glavu, vidole vilivyolowa hufa ganzi kabla saa moja haijapita.

Saa ilipita, barabara ikafunguliwa, na mratibu mmoja akatuambia tufungashe. Nilikataa. Mwanariadha wetu John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico City mwaka 1968, goti likiwa limefungwa bandeji, na sikuwa tayari kuondoa meza mbele ya mtu ambaye bado anakimbia. Hatimaye alitokea mzee mmoja, anatembea kidogo, anakimbia kidogo.

“Shikamoo mzee. Maji haya hapa.”

“Marahaba mwanangu. Yapo kweli?”

Alikunywa viwili, cha tatu akajimwagia shingoni, akasema “Ndaga fijo”, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuendelea kuelekea mjini. Tulipoinua benchi, madumu mawili yalikuwa bado yamejaa.