Siku ya vitendo: chupa nane, makopo mawili na khanga

Saa 11:40 alfajiri. Napima mchanga. Watu wakisikia "maabara ya saikolojia" wanawaza mashine. Maabara yetu ni begi langu la mgongoni. Ndani mna chupa nane za maji zilizojazwa mchanga, makopo mawili, bikari na khanga mbili za kufungia macho. Mimi ni msaidizi wa mhadhiri kwenye somo la hisi na utambuzi, na Jumatano ni siku ya vitendo.

Saa 1:15 asubuhi. Daladala. Konda kalinyanyua begi, kaniuliza nimebeba mawe? Kanitoza nauli ya mzigo, nami sikubisha.

Saa 3. Zoezi la uzito. Mwanafunzi anafungwa macho, mwenzake anampa chupa ya kwanza, gramu 200, kisha ya pili. Anajibu neno moja tu: nzito au nyepesi. Chupa ya pili ni ya kuanzia gramu 188 hadi 212, zikipishana gramu nne nne. Kila moja mara 20, jumla 140. Ikifika mara ya sitini manung'uniko yanaanza: "Ticha, mkono umekufa ganzi."

Nawaambia wavumilie. Ernst Weber, mtaalamu wa fiziolojia wa Leipzig, Ujerumani, alichapisha mwaka 1834 kwamba mkono hauhesabu gramu, unahesabu uwiano. Ongeza gramu 10 kwenye chupa hii, utashtuka. Ziongeze kwenye gunia la mkaa, mbebaji hana habari. Kusoma hilo kwenye slaidi ni dakika mbili. Kulipata mkononi mwako ni asubuhi nzima, na ndiyo maana naipenda Jumatano.

Saa 5:30. Bikari. Ncha mbili, butu, zinaguswa kwenye ngozi kwa pamoja. Kwenye ncha ya kidole unazitambua kuwa mbili hata zikiachana milimita mbili tatu; mgongoni zinaweza kuachana karibu sentimita nne na mtu akaapa ni moja. Kicheko kingi, maana hakuna anayeamini mpaka afunue macho.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8. Jaribio la John Ridley Stroop la 1935: neno "kijani" limeandikwa kwa wino mwekundu, wewe utaje rangi ya wino bila kusoma neno, nami napima muda. Orodha ya Kiswahili niliitengeneza mwenyewe, na ilinitoa jasho. Nilichagua nyekundu, kijani, manjano na buluu kwa sababu zote zina silabi tatu. Ningeweka "njano", ingetamkika haraka na kuniharibia muda. Kijana mmoja akanivuruga dakika ileile: "Ticha, nani anasema buluu? Ni bluu." Ana haki. Wiki ijayo nabadilisha. Waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea walijikwaa zaidi kwenye orodha ya Kiingereza, wengine kwenye ya Kiswahili. Kusoma ni tabia ya ulimi uliozoea.

Saa 10. Nasahihisha grafu za asubuhi. Moja imenyooka mno. Kwa gramu 200 dhidi ya 200, majibu ya "nzito" ni 10 kati ya 20 kamili. Huyu kapika data. Nikamwita.

"Mikono yako haikukosea hata kidogo?"

"Nilikosea ticha, nikarekebisha."

Akafungua daftari: 13 kati ya 20. Yaani chupa zilikuwa sawa, lakini ya pili aliihisi nzito mara nyingi zaidi. Gustav Fechner, naye wa Leipzig, alikwisha kuandika kuhusu upotofu huo mwaka 1860: kitu kinachoshikwa cha pili huelekea kuonekana kizito. Kijana alikuwa ameupata kwa mkono wake, halafu akaufuta kwa kifutio! Nimempa hadi Ijumaa airudishe ile 13 mahali pake.

Saa 1:30 usiku. Dukani kwa Mangi, nathibitisha makopo ya wiki ijayo: moja la nyanya, dogo; jingine la maziwa ya unga, kubwa. Nimeyajaza mchanga na pamba, gramu 500 kila moja. Mangi kayanyanyua.

"Hili dogo lina chuma?"

"Weka kwenye mzani."

Sawasawa, 500 na 500. Kayanyanyua tena, kimya, akayapima tena. Kisha akaupigapiga mzani ubavuni na kumwita kijana wake: "Hebu leta ule mzani mwingine, huu umeharibika."