Siku moja maishani mwangu: kondoo 86 na hesabu ya jioni

Saa 11 alfajiri. Monduli mwezi Mei ni baridi inayoingia hadi kwenye mifupa. Nina miaka 71 na sihitaji kuamshwa. Jeshi liliniwekea saa mwilini na haijawahi kusimama. Kabla ya chai nazunguka zizi na tochi. Naangalia kama fisi amesogeza miiba, kisha namulika kona ya ndani. Leo kuna mgeni: jike mmoja amezaa, mtoto bado ana utelezi, mama anamlamba masikio. Namwachia nafasi. Mwanakondoo akinyonya maziwa ya kwanza mapema, nusu ya kazi imekwisha.

Saa 12 na nusu. Kijana wangu wa machungani anafika.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kwenu wazima?"

"Wazima. Tuwatoe?"

"Bado, umande."

Hilo la umande nalisisitiza kila masika. Vibuu vya minyoo hupanda kwenye majani yakiwa na maji, na kondoo anayekula alfajiri anavimeza pamoja na nyasi. Tunasubiri jua likaushe. Wanalia njaa, na inaniuma kuwasikia, lakini nimeshazika wengi kwa kosa la kuwatoa mapema.

Saa 1 hadi saa 4. Ukaguzi wa macho. Kijana anamshika kondoo mmoja mmoja, mimi navuta kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani pakiwa pekundu kama tikitimaji, anapita. Pakiwa peupe, ujue kuna minyoo kwenye tumbo la nne inamnyonya damu. Ukichelewa unaona uvimbe laini chini ya taya, na hapo mara nyingi umeshachelewa. Leo weupe ni 9. Hao tu ndio wanaopewa dawa, na kila mmoja anapimwa uzito kwanza. Ukinywesha kundi zima kila mara, au ukikadiria dozi kwa macho, unazalisha minyoo sugu, na baada ya miaka michache chupa ya dawa inakuwa maji matupu.

Kati ya wale 9, 7 ni chotara wa Dorper. Sishangai. Dorper ni kondoo wa Afrika Kusini, mnene, anakua haraka, na sokoni anapendwa. Nami nilimpenda. Niliingiza madume yao zizini, na masika moja yenye mvua nyingi nikapoteza chotara 14. Wale wekundu wa Kimaasai, wenye nywele badala ya sufi na mkia wa mafuta, walisimama. Damu yao inahimili minyoo kuliko ya wengi, na watafiti wamelithibitisha hilo miaka mingi sasa. Lakini wekundu halisi wanazidi kuwa adimu kwa sababu kila mtu anakimbilia uzito. Linanisikitisha sana. Tunaumaliza kwa mikono yetu wenyewe urithi ambao hatuwezi kuununua tena popote.

Kazi hii ya kope sikujifunza kwa bwana mifugo. Niliiona kwa tabibu wa kombania yetu mwaka 1979, wakati wa vita na Uganda ya Idi Amin, malaria ilipotuandama njiani kuelekea mji wa Masaka, ndani ya Uganda. Alitupanga mstari, akatuvuta kope mmoja mmoja.

Saa 7 mchana. Machungani, chini ya mgunga. Kijana anauliza vita ilikuwaje. Huwa namjibu kidogo kidogo.

Nilikuwa Luteni Usu, nimetoka chuo cha hapahapa Monduli, nikakabidhiwa platuni ya watu 31. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika nchi yote ya kaskazini mwa mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Tulipovuka kuikomboa, kilichonikaa moyoni ni mazizi. Miiba imefunguliwa, samadi bado mbichi, ndani hakuna mnyama hata mmoja. Mifugo ilikuwa imeswagwa hadi ng'ambo ya mpaka. Katika zizi moja alikuwapo mzee ameketi juu ya jiwe, fimbo mkononi, anatazama patupu. Nilimwamkia, hakunisikia.

Machi 1979 tukafika Lukaya, ndani ya Uganda, penye barabara iliyoinuliwa katikati ya kinamasi. Usiku ule hatukuonana nyuso. Nilipita nikigusa mabega na kuita majina kwa kunong'ona. Nilirudia mara tatu. Koplo wangu wa seksheni ya pili hakuitika.

Kijana ananyamaza. Nami naishia hapo.

Saa 9. Mchuuzi anapiga simu anataka dume langu jekundu, kwa bei nzuri tu. Namwambia chukua chotara wawili, huyo hauzwi. Anacheka, anapandisha bei. Hauzwi.

Saa 11 na nusu jioni. Wanarudi, vumbi linatangulia. Nasimama mlangoni mwa zizi, fimbo nimeilaza chini, wanairuka mmoja mmoja nami nahesabu. Kijana ananiambia idadi tu inatosha. Namkatalia. Idadi inaweza kutimia huku wako hayupo na wa jirani kaingia. Lazima umjue kila mmoja kwa sura: mwenye sikio lililochanika, mwenye doa pajani, yule anayetembea pembeni daima. Ndipo asipokuwapo utajua nani hayupo, na utamtafuta wapi.

Nahesabu mara mbili. Mke wangu alishazoea kuniona hivyo, analeta koti bila kusema neno.

Saa 2 usiku. Mwanakondoo wa asubuhi ameshasimama imara, tumbo limejaa. Nafungua daftari. Majike 61, madume 2, watoto 24, dawa 9. Jumla 87, mmoja zaidi ya jana.

Mwishoni mwa mstari naandika maneno yaleyale niliyokuwa nikimpa kamanda wa kombania kila jioni, hadi usiku ule wa Lukaya: wote wapo.