Leo nimeona damu ya mama ikitembea

Nimempeleka mama kliniki ya macho, sukari imemkaa miaka mingi. Nilijua atachomwa sindano ya ile rangi ya kuonyesha mishipa ya damu ya jicho, inayofanya hata mkojo utoke njano, kama mwaka ule. Kumbe safari hii hakuna. Kaweka kidevu kwenye mashine, "usipepese mama," sekunde chache, basi.

Kijana wa mashine kanielewesha: mwanga unapigwa sehemu ileile mara kadhaa. Kilichotulia kinarudisha picha ileile. Chembe nyekundu za damu zinakimbia, kwa hiyo picha inabadilika, na kompyuta inachora mishipa kutokana na tofauti hiyo. Tena tabaka kwa tabaka! Retina yenyewe, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina unene wa robo milimita hivi, lakini yeye anaibandua kwenye skrini kama chapati iliyosukumwa vizuri. Tabaka la juu mishipa imejaa. La chini lina vidoa vyeusi: damu haipiti, au inapita polepole mno mashine isiione.

Mama kauliza moja tu: "Chai ya sukari ndiyo basi tena?" Daktari kacheka. Mimi kimya, maana zile kilo mbili nilinunua mimi jana.