Siku moja maishani mwangu: grafu iliyokunjwa miguu

Saa 11 alfajiri upepo wa Dodoma unagonga bati kama mwenye nyumba anayedai kodi. Kanga kiunoni, niko sakafuni naunga manila mbili kwa solotepu.

Saa 1 kasoro, kwenye daladala, konda ananiuliza nimebeba bomba la nini. Namwambia humu mna watu milioni 3. "Basi walipie nauli, mwalimu."

Saa 2:40, Darasa la Sita. Nachora ubaoni mstari mmoja: unashuka, unalala, unapanda tena. Kwenye mihimili, ile mistari ya pembeni na ya chini, sijaandika kitu. Hii ni grafu ya nini?

"Mvua ya Dodoma!" Si jibu baya; Juni hadi Oktoba hapa hata wingu huona haya kupita.

"Bei ya nyanya!" "Pesa ya baba!" Na sauti kutoka nyuma: "Macho ya mwalimu wa zamu baada ya chakula."

Nawaambia wote wamepata. Wanacheka, kisha wananuna, maana hakuna mtoto anayependa wote wapate. Sasa wenyewe wanadai: pembeni ni nini, chini ni nini? Muhula uliopita niliyasema hayo kwa ukali na hayakuingia.

Natundika manila. Watu wa mkoa wa Dodoma, sensa ya 2012 na ya 2022. Nguzo ya kwanza inachungulia tu, sentimita 2.5. Ya pili ni 32.6. Wanapima kwa rula: mara 13! Tayari wana sababu: serikali imehamia, wabunge wamekuja na ndugu zao.

"Someni namba ya chini kabisa pembeni."

Milioni 2. Nafungua kikunjo, sentimita 60 za karatasi zinaporomoka chini hadi sifuri. Ni watu 2,083,588, kisha 3,085,625. Ongezeko la karibu nusu, si dogo hata kidogo, lakini mara 13 imekufa palepale.

"Mwalimu ametudanganya!"

"Namba ipi ya uongo?" Wanatafuta, wanakosa. Hapo nimefurahi kuliko siku ya mshahara.

Saa 4 uji. Baada ya hapo madaftari, madaftari, madaftari.

Niseme ukweli: ujanja huu niliufanya kwanza bila kujua. Kwenye kikao cha wazazi nilionyesha wastani wa darasa ukitoka 58 hadi 61, na kompyuta ilikuwa imeanzisha mhimili kwenye 57. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Binti yangu, hizo alama tatu ndizo zimekuwa ndefu hivyo?"

Saa 9 alasiri, kengele. Kijana mmoja anabaki na grafu ya alama zake za hisabati: 31, halafu 34. Ameanzia 30, nguzo ya pili inaishinda ya kwanza mara nne, na karatasi imekunjwa vizuri kwa chini.

"Hii unampelekea nani?"

"Baba."

"Akifunua je?"

"Baba hafunui, mwalimu."