Kapasita Iliyozima Pampu ya Kijiji

Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, lakini pampu haikurudi. Kijiji kile cha mkoani Dodoma kilitegemea kisima kirefu kimoja, pampu ya kilowati 7.5 ikiwa chini kabisa na invata yake, mashine inayoilisha umeme na kupanga kasi yake, ukutani ndani ya kibanda cha mabati. Tulipofika, foleni ya ndoo ilishatoka hadi barabarani. Fundi aliyetutangulia alikuwa ameiambia kamati ya maji kwamba invata imeungua, wachange wanunue nyingine.

Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alimuuliza mwenyekiti kama pampu ilisumbua kabla ya umeme kukatika.

"Hapana, mzee. Jioni ile tangi lilijaa."

Akanigeukia. "Basi, mwanangu, tuanze na kinachoiwasha."

Tulipima kwanza upande wa nguvu. Fezi tatu za volti 400 zilikuwa zinaingia. Daiodi za mbele, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huugeuza umeme huo kuwa wa mkondo mnyoofu, nao hutunzwa kwenye kapasita kubwa, vifaa vya kuhifadhi chaji. Pale mita ilisoma kama volti 560, sawasawa na inavyotakiwa. Kutoka hapo transista sita, yaani swichi za kielektroniki, hukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuujenga upya kuwa fezi tatu zenye hezi (mizunguko kwa sekunde) unazotaka. Ukitaka hezi 25 badala ya 50, volti nazo hushuka kwa uwiano huohuo, ndiyo maana mota huanza taratibu bila kuvuta mkondo mara sita ya kawaida. Mzee alizima umeme, akangoja kapasita zishuke, akazipima transista zote sita. Nzima.

Lakini kioo cha invata kilikuwa cheusi, na umeme ukiwapo ilisikika sauti ndogo ndani: tik, tik, tik. Mzee alitabasamu aliposikia ile sauti.

Ndani ya kila invata kuna pawa saplai ndogo, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kuheshimiwa kuliko zote. Inachukua zile volti 560 na kutoa volti 24 za rilei (swichi inayovutwa na sumaku) na feni, volti 5 za ubongo wa mashine, na volti za kuzifungua zile transista. Pale iliongozwa na chipu ya UC3842, ambayo huanza kazi ikipata volti 16 na kuacha ikishuka hadi 10. Rezista moja huijazia chipu hiyo kapasita ndogo. Ikifika 16 chipu inaanza, kisha waya wa ziada kwenye transfoma unachukua kazi ya kuilisha. "Ni kama kiki ya pikipiki," mzee alisema. "Injini ikishawaka, mguu hauna kazi tena."

Ndiyo maana pampu ilidumu ikizunguka bila tatizo. Kapasita ile ndogo ilikuwa imekauka muda mrefu, lakini hakuna aliyejua hadi umeme ulipokatika na mashine ikahitaji kuwashwa upya. Mzee, mkono mmoja mfukoni kama alivyozoea kwenye umeme hai, aligusisha mita: namba ilipanda, ikaporomoka, ikapanda tena, kila mporomoko na tik yake, chipu ikijaribu kuanza na kushindwa.

Tukazima, tukangoja tena. Kapasita yenyewe ilikuwa ya maikrofaradi 47, kipimo cha uwezo wake wa kutunza chaji, imebandikwa karibu mno na bati la kupoozea joto. Kwa kapasita za aina hii, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata umri wake kwa nusu, na kibanda cha mabati cha Dodoma hakina huruma. Mita ya kapasita ilisoma chini ya 5. Niliyeyusha lehemu yake nikaitoa, nikalehemu mpya inayostahimili nyuzi 105.

Umeme uliporudishwa kioo kiliwaka, rilei ikalia kliki, feni ikazunguka. Mota za kisimani beringi zake hulainishwa na maji na hazitakiwi kuchelewa chini ya hezi 30, kwa hiyo mzee alihakikisha kwanza invata imepangwa ivuke pale upesi, ndipo akabonyeza. Maji yalianza na tope, yakasafika.

Mwenyekiti aliuliza deni ni kiasi gani. Mzee alitaja nauli na ufundi, kisha akaniambia nimwachie kapasita mbili za akiba ndani ya kibanda, na tukawashauri watoboe matundu ya hewa upande wa kivuli.