Kosa la aina na mstari usio na hatia

Wiki iliyopita nilitumia karibu saa nzima kushughulikia kosa moja la TypeScript (lugha ya programu inayoongeza juu ya JavaScript ukaguzi wa aina za thamani, kama vile matini au namba), lile namba 2322, linaloeleza kwamba matini haiwezi kuwekwa mahali panapotakiwa namba. Mstari uliotiwa alama nyekundu ulikuwa unapokea idadi ya bidhaa ili ikokotolewe jumla ya oda, nami niliusoma mara nyingi bila kuona kasoro, kwa sababu haukuwa nayo. Kasoro ilikuwa faili tatu nyuma, kwenye fomu. Huko nilikuwa nimechukua thamani ya kisanduku cha kujazia jinsi ilivyo, na kisanduku hicho, hata kikiwa kimewekwa kwa ajili ya namba, thamani yake husomwa kama matini siku zote.

Kompaila, yaani programu inayokagua msimbo na kuutafsiri, huonyesha mahali ambapo aina mbili zimegongana, lakini haijui ni ipi kati ya hizo iliyokosewa. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijagusa chochote, huifuata thamani kinyumenyume, nikiweka kielekezi cha kipanya juu ya jina lake katika kila funksheni iliyopitia, ili kihariri kinionyeshe aina yake, mpaka nifike pale ilipoingia.

Kishawishi kikubwa ni kuandika any, aina inayokubali thamani yoyote bila kukaguliwa, na kuendelea na kazi. Alama nyekundu hufutika papo hapo, ila thamani inabaki vilevile: TypeScript huyaondoa maelezo yote ya aina inapozalisha JavaScript, na JavaScript ikipewa "5" na 1 kwa alama ya kujumlisha, haijumlishi bali huviunganisha, ikatoa "51". Naliona jambo hili kuwa baya kuliko kosa lenyewe, kwa kuwa mteja ndiye atakayeiona hesabu hiyo kabla yangu.

Kugeuza matini kuwa namba nako kunahitaji uangalifu. Number("5") hutoa 5, sawa. Lakini Number("") hutoa 0, hivyo mtu aliyeacha kisanduku kitupu anahesabiwa kuwa ameagiza sifuri, na Number("tano") hutoa NaN, yaani "si namba", ambayo mfumo wa aina unaitambua kuwa namba halali kabisa. Vivyo hivyo, roketi ya Ariane 5 ilipotea tarehe 4 Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kupaa, ingawa programu yake iliandikwa kwa Ada, lugha kali sana katika mambo ya aina: namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, nayo ilikuwa kubwa mno kuenea humo. Aina zilikubaliana, thamani ndiyo iliyokataa.

Kwa hiyo ugeuzaji niliuweka kwenye fomu yenyewe, baada ya kuhakikisha kwamba kisanduku si kitupu na kwamba kilichopatikana ni namba kweli, kisha nikatangaza idadi kuwa namba katika oda nzima. Kosa la kwanza liliondoka, na hapohapo likajitokeza jingine katika faili niliyokuwa nimeisahau, mahali ambapo idadi ilikuwa ikilinganishwa na "0" iliyoandikwa ndani ya alama za nukuu.