Nukta ya nne kando ya Mshtarii

Klabu yetu ya nyota ina wanafunzi 14, darubini moja yenye kioo cha milimita 200, na kibanda cha mbao ambacho paa lake lina magurudumu. Kibanda hicho ndicho kituo chetu cha kutazama anga. Wageni wakisikia hivyo hutarajia kuba jeupe linalozunguka, lakini mimi silitamani kuba. Ndani ya kuba unaona kipande kimoja tu cha anga kupitia mwanya. Hapa wanafunzi wanne wakilisukuma paa, anga lote linatufungukia kwa mara moja, na wanaosubiri zamu hawakai bure. Wanahesabu nyota za Kilimia kwa macho matupu. Wengi huishia sita, na anayefika ya saba hutakiwa aeleze imekaa upande gani.

Kikao chetu cha kwanza nilikipanga usiku wa mwezi mpevu, na nililijutia hilo. Niliona mwanga wote ule utawavutia. Watoto walichungulia mmoja mmoja, wakasema unang'aa sana, wakapisha. Mwezi ukiwa mpevu jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli havipo, na bila vivuli milima na mashimo yake huwa madoa tu. Sasa nangoja mwezi wa siku saba hivi, ukiwa nusu. Tunaelekeza darubini kwenye mstari ule unaotenganisha mchana na usiku wa mwezini. Hapo utaona kilele cha mlima kimeshapata jua, kinameremeta peke yake, na bonde lililo chini yake bado limejaa giza. Watoto wakifika hapo hawabanduki.

Darubini tunaitoa saa nzima kabla, kioo kipoe, maana kikiwa na joto picha hutetemeka kama kitu kilicho chini ya maji. Macho nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Tunatumia tochi zilizofunikwa karatasi nyekundu, na simu zinabaki mfukoni, kwa sababu kioo cha simu kikiwaka mara moja tu, kundi zima linaanza kuzoea giza upya. Mchana ufunguo ninao mimi. Hakuna anayeielekezea jua darubini ile bila kichujio maalumu kufungwa mbele, kwenye mdomo wake. Jambo hilo huwa sina mjadala nalo.

Lakini kanuni niliyoipigania zaidi ni ya kalamu. Kila mtoto anakaa kwenye lenzi dakika tano kamili, hata foleni ikinung'unika, na anachora alichokiona kabla sijamwambia ni kitu gani. Ukimwambia mapema, atachora maneno yako.

Mwezi uliopita binti mmoja wa miaka 12 alikuwa na zamu kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita). Alichora duara dogo lenye mistari miwili hafifu, kisha nukta tatu, moja kushoto na mbili kulia. Nilikuwa nimeshamwita anayefuata aliponyoosha mkono kunizuia, jicho bado liko kwenye lenzi.

"Mwalimu, kuna nyingine."

"Umeiruka mwanzo?"

"Hapana. Haikuwepo. Inaongezeka mwanga."

Niliinama nikatazama. Pembeni kidogo ya sayari, mahali palipokuwa peusi, palikuwa na nukta hafifu, na kwa dakika tatu hivi ikazidi kukolea mpaka ikalingana na wenzake. Ilikuwa Io, mmoja wa miezi inayozunguka Mshtarii, ikitoka kwenye kivuli cha sayari hiyo. Ndiyo maana haikuchomoza ukingoni mwa sayari: kivuli chenyewe kilikuwa kimeangukia upande. Aliandika muda: saa 2:20 usiku.

Nilimweleza kwamba Galileo, mwanaastronomia wa Italia, tarehe 7 Januari 1610, naye aliona nukta tatu kando ya Mshtarii, na ya nne hakuiona mpaka tarehe 13. Aliuliza swali moja tu: kama naye alikuwa akichora. Nikamwambia ndiyo, kila usiku wenye anga safi.

Juma lililofuata niliwapa kisa cha Ole Rømer, mwanaastronomia wa Denmark, kwa kuwa sasa walikuwa na haki nacho. Mwaka 1676 alionyesha kwamba matukio haya haya ya Io huonekana kuchelewa Dunia inapokuwa mbali na Mshtarii, na akafahamu kuwa mwanga hutumia muda kusafiri. Kijana mmoja alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Kwa hiyo ile saa 2:20 tuliyoandika si yenyewe." Si yenyewe kweli. Io ilikuwa imetoka kivulini zaidi ya nusu saa kabla hatujaiona.

Tangu hapo ubao wa kibanda umejaa hesabu zao. Io inarudia tukio hilo kila baada ya saa 42 na dakika 28 hivi. Ukizidisha mara nne unapata siku saba na karibu saa mbili, kwa hiyo ukiiona leo, wiki ijayo siku ile ile itajitokeza tena, ila usiku zaidi. Wameshajaribu mara moja, mawingu yakatuzuia. Safari ijayo ni Alhamisi, na ruhusa za wazazi zimeletwa zote 14. Binti yule ameomba akae kwenye lenzi dakika kumi kabla ya muda uliopigiwa hesabu, na saa ashike mwingine.